Dirisha la Obdulia

Katika mji wa Trinidad, Kuba, mtu haulizwi anakaa nyumba ipi. Anaulizwa dirisha lipi. La Obdulia lilikuwa la mbao, refu kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari, na katika ubao mmoja lilitobolewa kidirisha kidogo cha kupitishia kikombe cha kahawa. Tangu miguu yake imgomee, miaka minne sasa, hapo ndipo palipokuwa soko lake, kanisa lake na sinema yake. Aliyepita bila kusalimu alijua atasemwa mpaka jua lizame.

Mwanawe Rigoberto, fundi wa alumini katika hoteli za ufukweni, hakuiona sinema hiyo. Aliona vumbi la barabarani na kifua cha mama yake kinachokoroma. Jumatatu moja aling'oa mbao, akaweka dirisha la kioo cheusi la kuteleza, na kiyoyozi juu yake.

"Sasa utapumua, mama," alisema huku akijifuta mikono kwenye suruali.

"Zuri sana, mwanangu," Obdulia alijibu, moyo ukimuuma. Angemwambia nini mtu aliyejinyima viatu mwaka mzima kwa ajili yake?

Kioo kile, wa ndani anamwona wa nje, wa nje anajiona mwenyewe. Jumanne Obdulia alimpungia mkono muuza mkate. Yule bwana akachana masharubu yake mbele ya kioo, akaenda zake. Jumatano alishindwa kulisukuma, akagonga kwa fimbo, hakuna aliyesikia. Kukohoa kulipungua, ni kweli. Lakini sasa alijiona amezikwa kabla ya siku yake, akaogopa.

Na mjini humo dirisha la mbele hufungwa mchana kwa jambo moja tu, msiba. Rigoberto alilijua hilo tangu utotoni, ila wakati ule akili yake yote ilikuwa kwenye vipimo.

Ijumaa asubuhi Tomasa wa nyumba ya pili alirudi safarini, akaliona dirisha limefungwa. Hakuuliza mtu. Aliangua kilio, na Tomasa akilia, mtaa mzima hutoka nje. Tangu Jumatatu hakuna aliyekuwa amemwona Obdulia, wakasadiki. Kufika saa sita palikuwa na viti, maua na chupa ya kahawa mlangoni.

"Alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu," Tomasa alikuwa akisema, "lakini ukipita hapa na huzuni, hupiti nayo."

Nyuma ya kioo Obdulia alikasirika kwanza, kisha machozi yakamtoka. Alishika fimbo, akaanza kuufuata mlango hatua kwa hatua.

Kabla hajafika, Rigoberto alitokea kwenye kona. Aliona viti, maua, na dirisha lililofungwa. Alikuwa amelifunga kwa mikono yake mwenyewe, na bado hakukumbuka. Mfuko wa vifaa ulimponyoka, akapiga magoti kizingitini.

"Nilimwacha peke yake," alisema. "Nilimwacha peke yake siku nzima, kila siku."

Mlango ukafunguka.

"Kafa nani?" Obdulia aliuliza.

Tomasa alijifanyia ishara ya msalaba. "Wewe, shoga. Tumekulilia tangu asubuhi."

"Basi malizeni, kahawa inapoa."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Rigoberto hakucheka, alikuwa ameikumbatia miguu ya mama yake.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa umefurahi mno, mwanangu. Nilishindwa."

Rigoberto hakungoja kesho. Waombolezaji walimshikia fremu, kioo na kiyoyozi vikahamishiwa chumba cha nyuma anakolala mama, kule ambako hakuna wa kumsalimu. Mbele zikarudi mbao. Rigoberto alipozifungua, vumbi, kelele na salamu kumi viliingia kwa pamoja. Obdulia alikohoa, kisha akaanza kuzijibu moja moja.