Ukuta wa Walioondoka

Mji wa Pruett Landing ulianzishwa na mtu aliyekuwa akielekea kwingine. Kapteni Ezra Pruett alikuwa akiipeleka meli yake ya mvuke mjini Saint Louis, ikakwama kwenye fungu la mchanga, akasema atasubiri mto Mississippi ujae. Akisubiri, akajenga baa. Mto ulipojaa, meli ikaelea yenyewe ikaenda zake bila nahodha, kwa sababu nahodha alikuwa anahudumia wateja. Watu wa hapa wametokana na Kapteni huyo pamoja na wateja wake, na pengine ndiyo maana hawamheshimu mtu yeyote kama yule aliyefanikiwa kuondoka.

Ushahidi uko ukutani. Ukuta wa zege wa kuzuia mafuriko, unaoanzia kivukoni na kuishia kwenye ghala la mahindi, umejaa nyuso za watu mashuhuri wa mji. Yupo Clovis Nutter, mpanda farasi wa mashindano, aliyefika hadi Kentucky akaanguka mbele ya umati ambao hajawahi kuuona maishani. Yupo Bi Idabel Schramm, aliyeimba tangazo la sabuni kwenye redio ya Chicago. Yupo seneta aliyefungwa jela, amechorwa akitabasamu. Yupo na yule aliyebuni kifuniko cha chupa ya achali, ambacho mpaka leo kuna nyumba hakijafunguka.

Masharti ya kuchorwa ni kuzaliwa hapa, kuondoka, na kutorudi. Ukirudi ukalala hata usiku mmoja, isipokuwa kwa msiba, unapakwa rangi, na pale ulipokuwa anachorwa kambare. Ilimpata marehemu Leroy Dunkel, mpiga mieleka, aliyerudi kwa kuumwa mgongo. Kambare wake ana mabega mapana, maana mchoraji wa enzi hizo alikuwa mvivu wa kufuta. Sheria yenyewe haina ubaya ukiifikiria. Mtu anayebaki, watu wanamjua kupita kiasi. Utamchoraje ukutani mtu uliyemwona akitukanana na mashine ya kukatia nyasi, yuko na nguo ya kulalia?

Aliyezijua habari za nyuso hizo zote ni Bi Arvella Stroud, mjane, mwenye miwani minene ya fremu nyekundu. Kila mwaka, Siku ya Meli, wageni walipomiminika kula samaki wa kukaanga na kusikiliza bendi, yeye ndiye aliyewatembeza ukutani na kuwasimulia. Alisimulia vizuri. Alipofika pale Clovis anapoanguka, wageni walishika mbavu kwa kicheko. Alikuwa pia na tabia ya kusahihisha watu, na hakujali ni nani. Mchungaji aliwahi kusahihishwa akiwa katikati ya mahubiri, akamshukuru, akasahau alipokuwa amefika.

Masika ile, nafasi ukutani ilikuwa imebaki moja tu, pale karibu na ghala. Bi Arvella alikuwa akipita hapo kwenda dukani, na kila alipopita aliitazama. Hollis, mumewe, alikuwa ameshatangulia. Mtoto hawakupata. Alikuwa amesimulia habari za kila mtu, na siku moja, akiwa na kabichi mkononi, wazo likamjia kwamba akifa hakuna wa kusimulia za kwake. Lilimtisha. Akarudi nyumbani bila kufika dukani.

Baraza la mji lilikutana katika chumba cha chini cha kanisa, kwenye kahawa na keki ya tufaha. Bi Arvella alisubiri watu washibe, akasimama.

"Ile nafasi ya mwisho," alisema, "naitaka mimi."

Meya Rodney Bohannon, ambaye kazi yake hasa ni kuuza matairi, aliweka uma chini. "Bi Arvella, wewe si mtu mashuhuri."

"Nani kasema?"

"Sheria. Hujaondoka."

"Nilikwenda Memphis kutibiwa macho."

"Ukarudi Jumapili ukaimba kwaya. Nilikuwepo. Ulitoka nje ya sauti."

"Basi nichoreni nikifa."

"Ukifa utazikwa kule mlimani kwa Hollis," Rodney alisema kwa upole, kama anayemweleza mteja kwamba tairi halizibiki. "Na mlimani ni ndani ya mji. Nyasi za kule tunafyeka sisi."

Watu walicheka, nao hawakuwa na nia mbaya. Hata hivyo kilimchoma. Glenda, binti wa kaka yake, aliyekuwa mwalimu wa uchoraji shuleni na ndiye mchoraji wa ukuta siku hizi, alimfuata mlangoni.

"Shangazi, usinune. Nitakuchorea moja kubwa, uitundike sebuleni."

"Sebuleni ataniona nani? Paka?"

Jumatatu Bi Arvella alishuka kivukoni na sanduku, taa ya kusomea, na paka ndani ya kikapu. Mwenye pantoni alikuwa Dewey Kessinger, waliyesoma naye darasa moja na kubishana naye tangu hapo bila kupumzika.

"Unakwenda kununua nini ng'ambo?"

"Sinunui. Nahama."

"Unahamia wapi?"

"Missouri."

Dewey akatazama ng'ambo. Mji wa Saint Odile ulionekana wote, na nguo zilizoanikwa zilionekana pia. "Pale?"

"Kwani Missouri si jimbo jingine?"

"Ni jimbo jingine. Ila nitakuwa nakuona ukianika."

"Basi geuza shingo utazame huku."

"Wewe mama una kichaa," Dewey alisema, akampokea kikapu cha paka.

Akapanga chumba Saint Odile, juu ya duka la kufulia nguo kwa mashine, kilichokuwa na joto na kilichotetemeka wakati nguo zikizungushwa. Paka alikipenda. Bi Arvella aliweka kiti dirishani, akachukua darubini ya Hollis ya kutazamia bata, akakaa kuungoja umaarufu wake.

Haukuchelewa. Kumbe mtu akishavuka maji anaongezeka thamani, hata kama maji yenyewe unaweza kuyavuka huku umeshika kikombe cha chai na kisipoe. Wanawake ambao kwa miaka walimkwepa sokoni kwa kuogopa kusahihishwa, sasa walimtumia keki kwa pantoni. Dewey alizileta, nyingine zikiwa na pengo.

"Jana mmoja kaniuliza unaendeleaje huko ughaibuni," Dewey alisema.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ughaibuni kumekupenda. Na wanasema umeolewa na mwenye benki."

"Nani kawaambia upuuzi huo?"

"Mimi. Walinichosha kwa maswali. Hii ya tufaha ilikuja imeliwa, usinitazame hivyo."

Kufikia kiangazi, Rodney alikuwa akitangaza dukani kwake kwamba mtu kama Arvella Stroud asingeweza kushikwa na mji mdogo, na kwamba yeye aliliona hilo mapema. Baraza likapiga kura. Mikono yote ikainuka, jambo ambalo halijatokea hata walipopigia kura kuziba mashimo ya barabara. Glenda akapanda ngazi na ndoo zake za rangi.

Siku ya Meli, Bi Arvella alivaa gauni lake la kanisani, akashuka ukingoni upande wa Missouri na darubini. Picha alikuwa ameifuatilia tangu mstari wa kwanza. Glenda alikuwa amempa shingo laini ambayo hakuwa nayo tangu Hollis alipokuwa akimposa, na ile miwani nyekundu, na macho yanayotazama mbali. Bi Arvella aliridhika mpaka akaona haya.

Mhudumu wa mgahawa wa Saint Odile, binti mwenye aproni, alikuja kusimama karibu naye kusikiliza bendi. "Kuna bibi wamemchora pale mwishoni. Ni nani?"

"Mtu mmoja tu wa kule."

"Mnafanana."

"Wenye miwani tunafanana wote."

Kisha sauti ya Rodney ikaja juu ya maji. Mwaka huu yeye ndiye aliyewatembeza wageni, na kipaza sauti chake. Alifika kwa Clovis akasema alikuwa mpanda farasi, basi. Hakumwangusha hata kidogo. Kwa Bi Idabel akataja sabuni isiyo yenyewe. Bi Arvella alisaga meno, akavumilia, kwa sababu wa mwisho alikuwa yeye. Wageni wakafika kwenye ghala. Akashika darubini kwa mikono miwili.

"Na huyu," Rodney alisema, "ni Bi Arvella Stroud. Aliondoka."

Mgeni mmoja inaelekea aliuliza swali.

"Aliondoka," Rodney alirudia. "Haya, aiskrimu ziko upande huu."

Bi Arvella akabaki pale ukingoni. Alikuwa ameacha nyumba, kitanda na kwaya ili asimuliwe, na masimulizi yake yote yameisha kwa neno moja na aiskrimu. Aliona ukiwa ambao hakuuona hata siku ya kumzika Hollis, maana siku ile angalau watu walikaa mpaka jioni wakisimulia jinsi Hollis alivyomfukuza fahali wa jirani akaangukia kisimani. Yule fahali kwa kweli alikuwa bata mzinga, na kisima kilikuwa shimo tu, lakini walisimulia. Alipanda chumbani akafunga pazia la upande wa mto.

Mwezi wa kumi mvua zilinyesha kwenye majimbo ya juu na mto ukaanza kupanda, umebeba magogo na, siku moja, choo cha mbao cha mtu. Dewey alikuja kugonga mlango kofia ikimchuruzika.

"Leo ndiyo safari ya mwisho. Nafunga pantoni, na sifungui mpaka maji yashuke. Daraja unajua liko wapi, ni safari ya kutwa. Una haja ya kitu chochote kutoka kwenu?"

Bi Arvella akamtazama. Akamtazama na paka. "Nishikie taa," alisema.

"Arvella, ukivuka na hilo sanduku, unajua."

"Najua."

"Kambare."

"Dewey, sheria hiyo nimeisimulia mara nyingi kuliko ulivyooga. Shika taa."

Dewey alishika taa. Lakini walipofika katikati ya mto alivuta honi asiiachie, hivi kwamba pantoni ilipogusa nchi kavu, nusu ya mji ilikuwa imesimama kwenye matope na miavuli. Rodney alikuwa mbele, akitokwa jasho ndani ya mvua.

"Bi Arvella, umekuja kutembea tu, sivyo? Sema unatembea. Twende ule, unywe kahawa, nitakurudisha mwenyewe kwa njia ya darajani kabla hujasinzia."

"Nimekuja kulala, Rodney. Kitandani kwangu. Na usingizi ninao sasa hivi."

"Tulikupa kura zote, mama. Zote. Nani mwingine hapa amewahi kupata kura zote?"

"Hakuna, nakushukuru. Hata kwenye harusi yangu mama mkwe alipinga."

Glenda alikuwa ameshaanza kulia. "Shangazi, ile shingo ilinichukua wiki nzima."

"Niliiona, mwanangu. Ni shingo nzuri sana. Mpe kambare."

Akapita katikati yao, paka akinung'unika kikapuni. Njiani alimsahihisha mtu aliyemwambia mwenzake kwamba huyu bibi ametoka Kansas. Usiku ule alilala kama gogo, na mto, kwa mara nyingine tena, haukuingia mjini.

Maji yaliposhuka Glenda alirudi ukutani kwa moyo mzito. Gauni likawa tumbo, shingo ikapotea, yakaja masharubu. Ila miwani mkono ulimkataa. Kila alipoinyanyulia brashi alimwona shangazi yake akimtazama, akaiacha. Ndivyo kambare wa pili wa Pruett Landing alivyobaki na miwani ya fremu nyekundu, akitazama mbali.

Siku ya Meli iliyofuata, Bi Arvella ndiye aliyewatembeza wageni. Clovis alianguka vizuri kama zamani na sabuni ikarudishiwa jina lake. Alisimama kwenye kambare wa Leroy, akaeleza yale mabega. Walipofika kwenye ghala, mama mmoja kutoka Iowa, amevaa kofia ya majani, alinyoosha kidole.

"Na huyu mwenye miwani?"

Bi Arvella akavuta pumzi.

"Huyo!" alisema Rodney kutoka nyuma, akiwa na mkate na samaki mkononi. "Huyo alitaka kuchorwa, tukamwambia hajaondoka. Unajua alifanya nini? Alihamia pale. Pale, unaona lile duka la kufulia?"

"Na paka," Dewey alidakia, akiacha pantoni na magari yake. "Hakusema neno njia nzima."

"Paka?"

"Arvella. Paka ndiye aliyesema."

"Alituambia usingizi umemshika," alisema mke wa mchungaji, "na mvua ile, na sanduku kichwani."

"Halikuwa kichwani, lilikuwa mkononi, kichwani palikuwa na taa," mwingine alidakia.

"Shingo ilinichukua mwezi," Glenda alisema.

"Na kabla ya hapo alikwenda Memphis," Rodney alisema, amemshika mgeni bega asije akaondoka, "kutibiwa macho, akarudi Jumapili akaimba kwaya. Ngoja nikwambie alivyoimba."

Wakaja na wengine kutoka kwenye foleni ya samaki, kila mmoja na kipande chake, wakakatizana, wakabishana kuhusu taa, wakamwozesha tena kwa yule mwenye benki na kumpa mjane huyo miaka miwili Missouri. Mama wa Iowa alicheka mpaka kofia ikamvuka. Bi Arvella alisimama kando, kidole chake cha kusahihisha kikiwa kimeinuka nusu. Walikuwa wamekosea karibu kila kitu. Alikishusha kidole taratibu, akawaacha waendelee.