Gauni Lisilovulika

Saa saba mchana wakala wa wanamitindo aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akamnong'oneza binti wa dada yangu huku mimi nimepiga magoti nikimshonea pindo. Wakubwa huwa hawamwoni fundi. Labda wanadhani hata masikio tumeyashona.

"Ukitoka jukwaani usibadilishe. Mdhamini anakusubiri ghorofa ya saba, picha mbili tatu tu. Ukikataa, nafasi yako wanaitaka wengi."

Alipotoka, mtoto alitetemeka mpaka pindo likanishinda.

"Mama mdogo, aliyepelekwa mwezi jana hajarudi kazini. Na mimi nimeshasaini."

"Ulisaini kutembea na nguo. Hukusaini ghorofa ya saba."

Maneno hayo niliyasema kwa ujasiri wa kuazima. Ningemfokea wakala ningetolewa nje kama paka mwizi, mtoto abaki peke yake. Nikafanya tunachofanya zipu inapoharibika saa ya onyesho. Niliing'oa nzima, nikamshonea gauni mwilini, kiunoni hadi shingoni, mishono midogo ya uzi maradufu. Hariri ile ya mbunifu hakuna ambaye angethubutu kuichana.

Onyesho likaisha salama. Wakala akaja mbio, nami nikasimama mbele yake na mkasi.

"Zipu ilikatika, bosi. Kulifumua ni nusu saa, na ni mimi tu ninayejua mishono ilipo. Gauni likienda juu, na mimi naenda."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aniajiri. Nilikuwa naogopa sana. Akapitisha kidole kwenye mishono, akacheka kidogo.

"Fundi, we mjanja."

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Tumepona, nikajiambia.

Wakala akageukia benchi walipokaa wengine. Akamchagua mgeni wao, aliyeanza kazi juzi, asiye na mama mdogo wala jirani mle ndani. Akaitazama zipu yake mgongoni. Ilikuwa nzima, niliitia mwenyewe asubuhi.

"Wewe, twende."

Yule mgeni akainuka, akanitazama mimi na mkasi wangu. Nikafungua mdomo. Mtoto wa dada yangu akanibana mkono kwa nguvu.

"Mama mdogo, nyamaza," akaninong'oneza. "Asije akanirudia mimi."

Nikanyamaza.