Kimya cha Jumamosi

Usiku wa jana niliota redio yangu inabisha hodi mlangoni kwangu, imesimama kwa miguu yake miwili, nami nikaitikia karibu.

Sikushangaa redio kutembea. Nilichoshangaa ni viatu. Ilikuwa imevaa vile viatu vyeusi vya marehemu mume wangu, vya kwendea kanisani.

"Bibi Namkunda," ikasema, "una watu wako ndani yangu tangu Jumamosi. Njoo uwatoe, wananikwaza."

Ngoja nieleze Jumamosi yenyewe kwanza, ndoto itatusubiri.

Mimi na wifi yangu Nakijwa, dada yake marehemu, tunasikiliza muziki wa wakongwe wa Ulaya kila Jumamosi saa kumi jioni. Redio ni yangu, betri ni zake. Ndivyo tulivyopatana miaka sita iliyopita. Makande tunayabandika saa saba mchana, mtangazaji wetu Sudi Mlekwa anaanza saa kumi, na muziki ukiisha makande nayo yameiva. Sudi hana haraka. Anasimulia kwanza aliyeutunga alikuwa nani, alipenda kula nini, aligombana na nani, ndipo anaupiga. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, hapa hapa Usangi, lakini kwa Sudi nimejua kwamba fidla hukaa mbele, na kwamba zumari hutoa sauti yake kwanza ili wenzake wote wajipange kwayo.

Jumamosi iliyopita alisimulia juu ya mtunzi mmoja wa nchi ya baridi, aliyetunga muziki wa mlinzi wa daraja. Mlinzi amepika, amewasha taa, anamngoja ndugu yake avuke. Theluji inaanguka.

"Na theluji haina sauti," Sudi akasema, "kwa hiyo mtunzi aliandika kimya kirefu. Wapigaji wote watanyamaza. Kama ndugu alifika au hakufika, mtasikia wenyewe baada ya kimya."

Wifi hakuyasikia hayo. Alikuwa uani anachanja kuni. Akarudi, akaketi, akasikiliza vizuri kabisa kichwa kimeinama. Kimya kilipofika akangoja, akangoja, mwishowe akapiga makofi matatu, akasema, "Asanteni, mmejitahidi," akazima redio ili betri zisiliwe bure.

Nikaruka kuiwasha. Redio yangu ikishazimwa hukawia kuamka. Ilipoamka, mtu alikuwa anatangaza dawa ya kuogeshea ng'ombe.

"Wewe," nikamwambia, "ungemzima hata mchungaji akivuta pumzi katikati ya sala!"

"Haya," akasema, "na wewe sikiliza kwa masikio yako." Akafungua mgongo wa redio, akatoa betri zote nne, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka. Makande hakuyaonja. Wiki nzima hakukanyaga kwangu, na kati ya mlango wangu na wake kuna mgomba mmoja tu.

Basi, turudi ndotoni.

Redio inafungua mgongo wake, pale pa kuwekea betri, nami nainama naingia. Ndani ni darasa langu la nne. Ubao ni uleule wenye ufa, madawati ni yaleyale, ila paa hakuna. Theluji inaanguka. Sijawahi kuigusa theluji, siku za mbingu safi huiona kwa mbali juu ya Kilimanjaro, lakini hii niliitambua mara moja. Inashuka taratibu kama unga unaochekechwa. Nakanyaga kijiti kikavu, kinavunjika bila kutoa neno. Ubaoni pameandikwa kwa chaki: KIMYA KINAENDELEA. KUNONG'ONA RUKSA.

Kwenye madawati wamekaa wapigaji. Si watu, ni vyombo vyenyewe. Fidla kumi na sita, pinde zimeinuliwa, theluji imejaa mabegani. Fidla kubwa yenye tumbo, ile ya kupakatwa magotini, inatetemeka. Zumari limevuta pumzi tangu Jumamosi na halijaitoa, mashavu yamekuwa kama maandazi. Na mbele, juu ya kiti cha mwalimu, umesimama mwiko wangu wa makande, umejiinua juu kabisa.

"Hata wewe?" nikanong'ona. "Nimekuacha jikoni."

"Jikoni nipo pia," mwiko ukajibu. "Usinichekeshe, nikishuka wanaanza. Na hairuhusiwi kuanza mpaka wasikilizaji waliokuwepo mwanzo warudi wakae. Mlikuwa wawili."

Kweli, kulikuwa na viti viwili. Kimoja kina jina langu kwa chaki. Kingine kina jina la Nakijwa, na juu yake yameketi makofi matatu, yamejikunyata kwa baridi. Makofi, kwa asiyejua, yanafanana na vifaranga visivyoota manyoya.

"Sisi tulitolewa kabla ya wakati," kofi kubwa likaniambia. "Hatuna pa kwenda mpaka muziki uishe."

"Poleni."

"Tumeshapoa."

Nyuma ya darasa kulikuwa na matoazi mawili ya shaba, kila moja limetundikwa kwenye msumari wake, moja ukuta huu, moja ukuta ule. Walikuwa mapacha, Kulwa na Doto, ingawa huku kwetu mapacha hatuwaiti hivyo.

"Mama," Kulwa akasema, "sisi tunakutana mara moja tu kwa muziki mzima. Kazi yetu ni kuhesabu kimya, pumzi mia moja thelathini na mbili, kisha tunagongana. Tulifika mia moja thelathini na moja, wifi yako akazima. Sasa kwa theluji hii hata pacha wangu simwoni. Mwambie nipo."

Nikavuka darasa. "Anasema yupo."

"Muulize amekonda?" Doto akasema.

Nikarudi. "Anauliza umekonda?"

"Shaba haikondi," Kulwa akasema, lakini nilimwona amefurahi kuulizwa.

Nikawauliza lile lililonikosesha raha wiki nzima: yule ndugu alifika au hakufika?

"Hatujui," wakajibu wote wawili. "Jibu linatoka tukigongana."

Mwiko ukanong'ona kutoka juu ya kiti, "Na fanya upesi. Kesho ni Jumamosi. Saa kumi Sudi ataleta muziki mwingine, na huo ukianza, sisi tunafunikwa moja kwa moja." Theluji ilikuwa imefika kwenye magoti ya madawati.

Nikageuka nitoke, na kumbe tayari niko nje. Ule mgomba ulio kati yangu na wifi umelala chini, umekuwa daraja, na chini yake unapita mto ambao Usangi haina. Navuka. Mlangoni kwa wifi zimesimama betri nne, zimejifunga vipande vya kanga kiunoni kama walinzi.

"Unakwenda wapi?" betri ya kwanza ikauliza.

"Kwa wifi yangu."

"Ametuambia, akija Namkunda aambiwe amelala."

"Mwambieni nimelala!" wifi akapaza sauti kutoka ndani.

"Amelala," betri zikasema.

"Mwambieni nitangoja aamke."

Nikaketi kizingitini. Mimi kungoja nakuweza. Nimelea watoto saba na nimechemsha mahindi makavu maisha yangu yote. Theluji ikaanza kunishukia, nami nikawa nahesabu pumzi zangu. Nilipofika kama sitini, nikasikia wifi anauliza kwa ndani:

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Anafanya nini?"

"Amekaa. Kichwa kimekuwa cheupe."

"Si kilikuwa cheupe tangu zamani?"

"Cheupe zaidi."

"Amejifunga kilemba?"

"Hana."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Wifi ametoka na kanga mkononi, ananifunga kichwa kwa nguvu kama anafunga mzigo wa kuni. "Utaumwa kifua, halafu nani atakuuguza? Si mimi?"

"Wifi," nikasema, "nilikusema vibaya. Ile habari ya theluji na kimya hukuisikia. Ulikuwa nje unachanja kuni za makande yetu."

"Si ungenieleza!"

"Ningekueleza vipi, na betri umeondoka nazo?"

"Mdomo wako hautumii betri, wifi."

Nikainuka kizingitini.

Tunavuka daraja, yeye mbele. Njiani nikamweleza yote: mlinzi, taa, ndugu, theluji. Akasikiliza bila kunikatiza. Tukaingia darasani. Akayatazama makofi yake matatu yaliyokalia kiti.

"Haya, songeni," akayaambia, nayo yakasogea.

Kisha akanigeukia, amebadilika uso. "Wifi, mikono yangu naijua. Kikinyamaza kitu itapiga tu. Nitawaharibia tena hawa watu."

Kwenye mfuko wa gauni langu mlikuwa na maharage, yale ya madoa ninayoyapanda nyuma ya choo. Nikamhesabia saba mkono wa kulia, saba mkono wa kushoto. "Fumba," nikamwambia. "Na usifumbue mpaka nikwambie."

Akafumba. Tukakaa, na mapacha wakaanza hesabu upya.

Sasa nitaeleza kimya kile kilivyokuwa, maana sijawahi kukaa ndani ya kimya namna hiyo. Hakikuwa kitupu. Theluji ilikuwa inaanguka na kila chembe ilikuwa na mahali pake. Zumari limeshika pumzi. Wifi ameshika maharage. Mimi nimeshika mkono wa wifi. Kulwa ananong'ona mia moja na ishirini, Doto kule ng'ambo anamjibu mia moja na ishirini na moja. Mia moja thelathini. Mia moja thelathini na moja. Ngumi za wifi hazifumbuki.

Mwiko ukashuka.

Matoazi yakaruka kutoka misumarini, yakakutana katikati ya darasa. Sikuwa nimejua sauti inaweza kuwa na joto. Fidla zote kumi na sita zikaitikia, theluji ikapukutika mabegani, na zumari likaitoa pumzi yake ya wiki nzima. Na kule nje, juu ya daraja la mgomba, tukasikia viatu. Viatu vinakuja bila haraka, vinafika mlangoni, vinakung'utwa theluji, kimoja, kisha cha pili.

Redio ikaingia.

"Hivyo ni viatu vya kaka," wifi akasema taratibu.

"Ndivyo."

"Vinang'aa. Nani anavipaka dawa?"

"Mimi. Kila Jumamosi asubuhi."

Muziki ukaendelea mpaka ukaisha wenyewe, kwa raha zake, kama chungu kinachoepuliwa. Wifi akanitazama. "Sasa?"

"Sasa, wifi."

Akafumbua mikono, akapiga makofi. Maharage yakaruka kila upande, yale makofi matatu yakashuka kitini yakakimbia kujiunga na wenzao, na kwa kelele hizo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Hapakuwa na theluji, palikuwa na ukungu wetu wa kila siku. Nikaloweka mahindi na maharage kwenye bakuli, kisha nikatoa viatu vya marehemu nivipake dawa. Nikiwa nafuta kisigino cha pili, nikasikia hodi.

Wifi Nakijwa amesimama mlangoni na kanga yake, pindo limefungwa fundo lenye betri nne. Hakunisalimia. Amefunua kiganja cha kulia, na katikati yake imebaki alama ya kitu kilichokandamizwa, na punje moja ya maharage ya madoa.

"Nimeamka imeninata," akasema. "Kwangu maharage yaliisha Jumanne."

Nikaichukua, nikaitupia kwenye bakuli pamoja na nyingine. Wifi akaketi mahali pake, akaifungua redio mgongo, akapanga betri moja moja. Saa kumi ilikuwa mbali bado.

"Leo," akasema bila kuniangalia, "kikija kimya, unijazie viganja vyote viwili kama ulivyofanya jana."