Jina la Shangazi Biasha

Mwalimu Andrew alikuwa na amri moja asiyochoka kuirudia mbele ya wanafunzi wake wa ustawi wa jamii pale Kisarawe: usiandike maneno ya mtu bila kutaja jina lake. Maneno yasiyo na mwenyewe, alisema, ni umbea tu, hata yakipigwa chapa. Mwanajuma, maskini, aliishika amri hiyo kwa mikono miwili.

Basi alipopewa kazi ya kuandika habari za unyago, alikwenda Maneromango kwa shangazi yake Biasha, kungwi aliyewacheza mabinti wa kijiji kizima. Shangazi alisita. Maana za nyimbo za unyago hata mwali hafunuliwi zote, sembuse mwanamume. Lakini mtoto wa kaka ni mtoto. Akamweleza zote, akamsihi zisitoke.

Mwanajuma alirudi na wasiwasi, akamwomba mwalimu ruhusa ya kulificha jina.

"Litaje," alisema Mwalimu Andrew. "Nitasoma mimi peke yangu, kisha nitakurudishia."

Akamwamini. Kwa nini asimwamini? Ndiye aliyemfundisha ukweli ni nini.

Juma lililofuata mwalimu aliwaingiza maktaba, awafundishe kutafuta habari katika kisanduku cha kadi zilizopangwa kwa herufi. Kwa majaribio, wakatafute unyago. Kondo, kijana wa Maneromango, aliipata kadi kabla ya wenzake, akaifuata namba yake hadi kwenye rafu, akarudi na insha ya Mwanajuma, imeshatiwa jalada. Mwalimu akatabasamu, akawaonyesha jina la Biasha ukurasa wa kwanza, akawaambia hivyo ndivyo msimulizi anavyotajwa. Kondo alikwishafika kwenye nyimbo, anacheka.

Baada ya somo Mwanajuma alimkumbusha mwalimu ahadi yake. Akajibiwa kwamba kazi nzuri haifichwi. Inaelekea bwana yule alikuwa akingoja ashukuriwe! Mwanajuma alimchukia.

Kondo hakuwa na kifua. Habari zilifika Maneromango, na mama yake Kondo mwenyewe akaja kumwondoa mwali wake kwa Biasha na kumpeleka kwa kungwi mwingine. Wengine wakafuata.

Mwanajuma alimkuta shangazi yake barazani akimenya mihogo.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikiwa. Akaeleza yote huku analia: ahadi, kadi, usaliti wa mwalimu. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajitwisha ungo wake.

"Huyo mwalimu simjui, hajanikosea kitu," alisema. "Mimi nilimwambia mwanangu."

Akaingia ndani, akafunga mlango.