Bomba la Juu

Miaka ile serikali ilipoanza kutoa fedha kwa mitaa yenye shida, Hedwiga alikuwa akiuza maji mtaa wa Ngarenaro. Mume wake, Romanus, alikuwa amepunguzwa kazi baada ya kiwanda kuuzwa kwa tajiri, na kiinua mgongo chake chote walikitumia kuvuta bomba mpaka uani kwao. Tangu alfajiri ndoo zilipanga foleni hadi barabarani. Maji hayo ndiyo yaliyowasomesha watoto wao, Derick na Hope.

Siku ya mkutano wa mtaa, ofisa wa manispaa alieleza utaratibu: wananchi wachague mradi mmoja, serikali italeta mabomba, saruji na fundi, wao watachimba mtaro kwa nguvu zao. Wanaume wachache walitaka ukumbi. Wanawake walisema maji, ikawa maji. Ilipofika zamu ya kuchagua mwenyekiti wa kamati, Elieshi, mwanamke wa Kimeru aliyeishi juu mwinukoni na aliyenunua maji kwa Hedwiga kila siku, alinyoosha mkono.

"Nampendekeza Mama Derick," alisema. "Mambo ya maji anayajua, na hajawahi kutupunja."

Watu walicheka kidogo, kisha wakamkubali. Hedwiga alishindwa kukataa mbele yao.

Nyumbani Romanus hakugusa chakula. "Wamekupa jembe ujikate mguu mwenyewe."

"Ningesemaje?"

"Ungesema una kazi nyingi." Alisukuma sahani kando. "Basi sikiliza. Fundi amesema kuna sehemu mbili za kuweka bomba. Kule chini karibu na mto udongo ni laini. Liwekwe huko. Wa chini watachota huko, wa juu wataendelea kuja kwetu."

Hedwiga aliona ni wazo zuri. Sehemu ya pili ilikuwa juu kabisa ya mwinuko, penye mwamba, na mtaro wake ungekuwa mrefu. Nani angemlaumu mtu kwa kuchagua udongo laini?

Lakini kabla ya kamati kukaa, ilimpasa apaone mahali penyewe. Alingoja Elieshi ajaze ndoo, akamwambia, "Leo twende wote. Nataka kuona huko juu."

"Utachoka, Mama Derick."

Wakapanda. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa na utelezi. Hedwiga alikuwa mikono mitupu, na bado alihema. Penye kona, Elieshi alitua ndoo juu ya jiwe bapa lililolazwa kando ya njia, akapumzika. Mbele kidogo palikuwa na jiwe jingine, halafu jingine.

"Nani ameyaweka?" aliuliza Hedwiga.

"Sisi wenyewe. Hili aliliweka Susana alipokuwa mjamzito. Lile pale ni la bibi Anaeli. Siku hizi hashuki tena, tunampelekea."

Mawe yalikuwa yamelainika kwa kutuliwa ndoo. Hedwiga aliyatazama moja moja walivyokuwa wakiyapita. Ndoo za watu hawa alizijua zote, ipi ina mfuniko, ipi imezibwa kwa lami. Safari ya ndoo hizo baada ya kutoka getini kwake hakuwahi kuifikiria. Walipofika, Elieshi alimimina maji yale kwenye pipa, yakafunika kitako tu. Akachukua ndoo, akageuka kushuka tena.

Kamati ilipokaa, Hedwiga alisema bomba liwekwe juu. Fundi akamkumbusha habari za mwamba.

"Nimeuona," alisema.

Romanus alipopata habari hakufoka. Aliacha tu kuzungumza na mkewe, zaidi ya salamu.

Uchimbaji ulianza na watu wengi. Walipoufikia mwamba, wengi wakakumbuka shughuli zao. Wakabaki wanawake wa juu, pamoja na Hedwiga, viganja vimechubuka. Asubuhi moja Romanus akatokea na mtaimbo begani.

"Umekuja kunirudisha nyumbani?" Hedwiga aliuliza.

"Nimekuja kuchimba. Watu wananiuliza kwa nini mke wangu anapasua mawe na mimi nimekaa."

Alipiga mwamba kwa muda, hamwangalii. Kisha akasema, "Sijakubaliana na wewe."

"Najua."

"Sogeza mguu."

Bomba lilifunguliwa kabla ya masika. Ofisa alihutubia, lakini watu walimtazama bibi Anaeli, aliyeletwa akiwa ameshikwa mikono. Alikinga kiganja chini ya maji, akakiacha hapo mpaka mkono wa gauni ukalowa.

Uani kwa Hedwiga foleni iliisha. Alfajiri aliendelea kuamka na kufungua geti kwa mazoea, akakuta barabara tupu. Mwaka ule ulikuwa mgumu. Derick alikaa nyumbani muhula mzima, na zipo siku Hedwiga alijuta, ila hakumwambia mtu.

Mwishowe alipanda gari hadi kijijini Maji ya Chai, akarudi na mikungu ya ndizi, akapika pombe ya mbege kama mama yake alivyokuwa akipika kwao Kibosho. Ya kwanza ilichachuka, wakaimwaga. Ya pili ilinyweka. Mafundi wa gereji za jirani wakaanza kupita jioni wakitoka kazini, na Romanus, aliyesema hataki kilabu nyumbani kwake, akanunua jiko la kuchomea nyama. Muhula uliofuata Derick alirudi shule.