Tonge Moja ni Ugomvi

Gebeyehu, mwana wa Workneh, mjukuu wa Damte, alitoka katika ukoo uliosifika kwa kulisha wageni. Basi Natnael, aliyemposa Hirut, mjukuu wa Gebeyehu, alipowakaribisha wote wawili kwenye mgahawa wa bei nafuu pale Addis Ababa, mzee alikuja kumpima kijana.

Sinia ya mkate laini wa injera na mchuzi wa dengu uitwao shiro ikaletwa. Natnael akamlisha mzee tonge moja, kisha akafuta mkono.

"Moja tu?" akauliza Gebeyehu. "Tonge moja ni ugomvi, bwana harusi; la pili ndilo urafiki."

Natnael akafinyanga la pili kwa pupa, likajaza mashavu ya mzee.

"Utamkaba babu yangu, wewe," Hirut akacheka, na meza za jirani zikacheka naye.

Gebeyehu akameza, akitabasamu. "Nimekubali, muoane. Nanyi vijana, shikeni haya: mgeni halishwi mara moja tu."