Alama ya Chini Ukutani

Alama yangu ilikuwa ya chini kuliko zote, na nilijivunia.

Kila Jumamosi Mwalimu wa yoga alitusimamisha kando ya ukuta wa ukumbi wa shule, wanawake saba wenye mabega mabovu. Kila mmoja aliinua mkono unaomuuma hadi ulipogoma, na Mwalimu akachora chaki pale vidole vilipofika. Tulimwita Vuta Pumzi, maana hakuwa na dawa nyingine. Mimi nilikuwa nimeshona sare miaka ishirini na miwili, bega la kulia limekwisha kwa kusukuma vitambaa vizito chini ya sindano, halafu binti wa suruali ya kubana anilaze mkekani anifundishe kupumua. Nilimdharau kutoka moyoni.

Aliyenipeleka ni wifi yangu, mke wa kaka, niliyekaa naye cherehani kwa cherehani. Yeye humwamini kila mtu. Karakana nzima nilishaitangazia kwamba yoga ni mchezo wa wasio na kazi, na kwamba ningekwenda miezi miwili ili wajionee kwamba haifai kitu. Kwa hiyo wiki ya tano, bega liliponisaliti likaanza kulegea, nikaweza kuvua sweta bila kuguna, sikumwambia mtu. Ukutani niliinua mkono hadi kifuani, nikakunja uso, nikasema basi. Alama za wenzangu zilipanda. Ya wifi ilimpita kichwa. Alikuwa ameanza tena kuanika nguo mwenyewe na kulalia ubavu wa bega bovu. Yangu ilibaki palepale, na karakanani tulicheka sana.

Wiki ya nane Mwalimu hakutandika mikeka. Aliitazama alama yangu kwa muda, kisha akasema mama huyu ndiye aliyekuja na maumivu makubwa kuliko wote, na kwamba yeye hajamsaidia hata kwa upana wa kidole.

"Huenda nawadanganya bila kujua," alisema. "Bora tuishie hapa."

Akaomba tufute chaki, turudishe ukumbi wa watu.

Wifi alichukua kitambaa akaanza kufuta huku machozi yanamtoka, na Mungu anisamehe, nilichokiona mimi ni jinsi anavyofuta vibaya. Anapakaza tu, anaacha michirizi, vilevile anavyoshona. Kazi ya ovyo sijawahi kuivumilia.

"Hebu lete hapa, wifi."

Nikampokonya, nikasugua: yangu, ya jirani, ya yule mpishi mnene, nikipanda hadi yake ya juu kabisa, nikaimaliza bila kuacha hata vumbi.

Nilipogeuka, wote walikuwa wananitazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado juu. Wifi aliutazama, kisha akanitazama usoni kwa jicho ambalo siku zote mimi ndiye niliyemtazama nalo yeye.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tano."

Mwalimu aliniambia nisiushushe. Alichora mstari juu ya vidole vyangu, akaenda kutandika mikeka. Wifi aliuvuta mkeka wake upande wa pili wa ukumbi.

Bega halijaniuma tena. Kwenye cherehani iliyo karibu na yangu sasa anakaa mtu mwingine, na anashona vizuri sana.